Gogo la Jioni ya Mvua

Mchongaji wa kisa hiki simtaji jina, maana makosa yake ni ya wengi na si haki ayabebe peke yake. Ni kijana wa upande wa Litein, kaunti ya Kericho, ambako barabara ya kwenda Sotik hupita kati ya chai kushoto na chai kulia. Mikono yake ilikuwa hodari. Alijifunza kazi kwa fundi mmoja Mkamba jijini Nairobi, akarudi kwao na tezo, patasi chache na nia ya kuishi kwa jasho lake. Kwa muda mrefu alichonga miiko, rungu, bakora za wazee na vikombe vya ushindi vya mashindano ya shule, vyote kwa jakaranda aliyoipata kila mti ulipoangushwa kando ya barabara. Jakaranda ni mti laini na mwepesi. Ukikosea, mara nyingi unaweza kurekebisha.

Kisha likaja agizo kubwa. Mwenye loji moja ya upande wa Maasai Mara, ambaye wageni wake hupitia Bomet, alitaka vigoda 20 vya miguu mitatu. Kila kigoda kichongwe kwa gogo moja bila kuungwa popote, na vyote viwe vya emitiot, yaani mzeituni wa porini, mti ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu. Alitoa nusu ya malipo papo hapo. Muda aliotoa ulikuwa miezi miwili.

Kosa la kwanza lilifanyika hapo, kabla hajaligusa gogo lolote. Mafundi wa mbao wana kipimo cha tangu zamani: mti unaoachwa ukauke kwa hewa huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na mti mgumu na mzito kama emitiot huenda ukataka zaidi. Kericho iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Alasiri nyingi hunyesha. Hali hiyo inayoifanya chai istawi ndiyo inayochelewesha gogo kukauka. Kijana alipaswa kumwambia mteja wake waziwazi: kama huna mti mkavu wa kunipa, nipe miaka kadhaa, au tubadilishe mti. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kulipoteza agizo, na hofu hiyo ikawa ndiyo inayomwongoza katika kila hatua iliyofuata.

Alitafuta emitiot kwa siku kadhaa. Mti huu hupenda upande mkavu zaidi, kuelekea Narok, kuliko mabonde ya chai yenye unyevu, kwa hiyo kuupata Litein kwa wingi si jambo la kawaida. Hilo nalo lingemfanya ajiulize alipopigiwa simu na mtu aliyesema ana lundo zima kando ya barabara, kwa bei ya chini sana. Alikwenda jioni. Mvua ilikuwa inanyesha, giza linaanza kuingia, na magogo yalikuwa yamepangwa chini ya turubai.

"Hii ni emitiot kweli?" aliuliza.

"Emitiot kabisa, boss. Angalia hiyo ya juu."

"Imekauka?"

"Ilikatwa mwaka jana. Ni mvua ya leo tu ndiyo imeilowesha."

Alilitazama gogo la juu. Alilikwangua kwa kisu, akaona nyuzi zilizobanana na mistari myeusi inayopita kwenye rangi ya kahawia, akaridhika. Magogo ya chini hakuyageuza. Ncha za magogo zilikuwa zimepakwa oili chafu ya gari, na muuzaji akamwambia hiyo ni dawa ya kuzuia mchwa. Alilipa, yakapakiwa, akalala akiwa na furaha.

Kuziba ncha za gogo ni jambo jema, na nitalirudia hapa chini. Lakini oili nyeusi iliyopakwa juu ya ncha ambayo tayari imepasuka huficha nyufa, na muuzaji mwaminifu hatakataa msumeno. Ilitosha kijana aombe kukata inchi mbili za kila ncha ili aone mti wenyewe. Angeona pia kwamba magogo matatu tu ya juu ndiyo yaliyokuwa emitiot. Mengine yalikuwa mikaratusi iliyomenywa ganda, ile ile inayopandwa kwa maelfu ya ekari kwenye mashamba ya chai ili kuchochea moto wa viwanda.

Hakuna ubaya na mkaratusi wenyewe. Bila kuni za mkaratusi, viwanda vingi vya chai vya Kericho na Bomet vingekosa mvuke wa kunyausha na kukausha majani. Lakini ni mti unaokua mbio, na ndani ya shina lake nyuzi za nje zimevutana na za ndani tangu mti ukiwa wima. Ukiuangusha, mvutano huo huachiliwa na ncha hupasuka, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Unapokauka husinyaa sana. Kwa kuni, kwa nguzo, kwa mbao zilizokaushwa kwa ustadi, unafaa. Kwa kigoda cha gogo zima unamtia mchongaji hasara.

Siku zilizofuata kijana alichonga kwa bidii. Mti mbichi huchongeka kwa urahisi, patasi inateleza, na hilo humdanganya fundi asiye na uzoefu akadhani amepata mti mzuri. Alisugua kwa msasa, akapaka rangi ya viatu ya kahawia iliyokoza ili vigoda vyote vifanane, akamalizia kwa nta. Vilipendeza. Vilichukuliwa kwa pikapu, malipo yaliyobaki yakaingia kwenye simu, na kwa wiki tatu jina lake likatajwa vizuri Litein nzima.

Wiki ya nne simu ikalia. Vigoda vilikuwa vimewekwa kwenye ukumbi wenye meko, ambako moto huwashwa kila jioni kwa ajili ya wageni. Kumi na sita kati ya 20 vilikuwa vimepasuka. Ufa ulianzia katikati ya kikalio ukaenda hadi ukingoni, mwingine mpana kiasi cha kupitisha sarafu. Viwili vilikuwa vinayumba kwa sababu miguu ilikuwa imepinda. Kimoja kilikuwa kinaangusha unga mweupe sakafuni kila asubuhi. Mteja alitaka fedha zake zote.

Kijana alichukua kigoda kimoja kilichopasuka, akapanda matatu hadi Silibwet, huko Bomet, kwa mzee mmoja aliyekuwa seremala katika karakana za kampuni ya chai kabla hajastaafu.

"Chamgei, boiyot," alimsalimu mzee kwa lugha yao.

"Chamgei mising. Hiki ndicho kinachokunyima usingizi?"

Mzee hakutazama juu. Alikigeuza kigoda, akatazama chini yake, mahali ambapo fundi hapaki rangi ya kutosha. Alipitisha kidole kwenye ufa mpaka akafika katikati.

"Mama yako bado anachuma chai?"

"Bado, mzee."

"Majani anayoyapeleka kituoni, kilo ngapi hutoa kilo moja ya chai ya kunywa?"

"Nasikia ni kama nne na nusu, au karibu tano."

"Na zilizobaki huenda wapi?"

"Ni maji."

"Basi ulijua," alisema mzee. "Ulijua hivyo kwa jani, ukasahau kwa gogo."

Aliyoyaeleza mzee siku ile kila mchongaji wa nchi ya chai anapaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi yake, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu. Mti ulio hai una maji ya aina mbili: yaliyojaa ndani ya matundu ya nyuzi zake, na yaliyoshikamana na kuta za nyuzi hizo. Ukikatwa, maji ya matundu hutoka kwanza, na wakati huo gogo hupungua uzito tu, halibadiliki umbo. Maji yanapofikia karibu asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, yale ya ndani ya kuta huanza kutoka, na hapo ndipo mti husinyaa. Ndiyo maana vigoda vya kijana vilikaa vizuri kwa wiki za kwanza. Havikuwa vimeanza bado.

Tena mti hausinyai sawasawa. Kufuata mzunguko wa gogo husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye ganda. Gogo zima lenye moyo katikati haliwezi kukubali tofauti hiyo bila kufunguka mahali. Mchongaji anayesimamisha gogo na kulifanya kikalio kwa juu anauweka moyo wa mti katikati kabisa ya kigoda, na ufa utaanzia hapo. Dawa yake ni kutafuta gogo nene, kulipasua katikati kwa urefu, kuutoa moyo, na kuchonga kutoka kwenye nusu moja. Ni kazi zaidi na mti mwingi hupotea. Lakini kigoda hicho mjukuu atakikalia.

Kisha kuna suala la mahali kitu kitakapoishi. Mti uliokaushwa vizuri chini ya kibanda cha Kericho hauendi chini sana ya asilimia 15 ya maji, kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu. Ukiupeleka kwenye ukumbi wenye meko, au ukiuza nje ya nchi, Ulaya, kwenye nyumba zinazopashwa joto kipindi cha baridi, utashuka hadi asilimia 10 au chini ya hapo, na utaendelea kusinyaa ukiwa mikononi mwa mteja. Kwa hiyo swali la kumuuliza mteja ni hili: kitakaa wapi? Kijana alijua kwamba ni loji. Hakuuliza kama kuna moto.

Mzee alimfundisha kupima. Kata kipande kidogo, lakini kisiwe cha nchani, maana ncha hukauka haraka na itakudanganya; ingia ndani kama futi moja. Kipime kwa mizani ndogo ya dukani. Kikaushe kwenye tanuri la moto wa wastani, au juu ya meko ya jikoni kwa siku kadhaa, ukikipima mara kwa mara mpaka uzito uache kupungua. Kama kilikuwa gramu 150 na kimefika gramu 100, basi zile 50 zilizopotea ni maji, nusu nzima ya uzito wa mti mkavu. Gogo hilo haliko tayari hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Kama kilikuwa gramu 116 na kikafika 100, unaweza kuanza kuchonga kitu cha kukaa Kericho.

Mtu asiye na mizani ana masikio. Gonga gogo kwa mgongo wa tezo: bichi hutoa sauti nzito iliyozibwa, kavu hulia. Lakini sauti haitoshi peke yake, na wala uzito wa mkononi hautoshi, kwa sababu emitiot kavu bado ni nzito kuliko jakaranda mbichi nyingi. Ndiyo maana ni lazima ujue kwanza ni mti gani.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo wachongaji wetu wengi hawapendi kusikia. Tunatamani miti ya mbali, iliyotajika, wakati tunaishi katikati ya miti tusiyoijua. Tarakwet, mwerezi wetu wa milimani, una harufu nzuri na nyuzi laini zinazokubali kisu, lakini hupasuka kirahisi kufuata nyuzi zake. Ufanye sanduku, usiufanye kinyago chenye vidole vyembamba. Tebeswet ni mwepesi na mweupe, unafaa vigoda vya jikoni na vitu vya kawaida, ila wadudu wanaupenda. Mgrivea uliletwa kutoka Australia kuwa kivuli cha kahawa na chai, na leo uko kwenye mpaka wa karibu kila shamba. Ukipasuliwa kuelekea moyoni huonyesha madoa yanayong'aa ambayo hakuna rangi ya viatu inayoweza kuyaiga. Vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo funika mikono na pua. Hata mchai wenyewe, ule unaong'olewa shamba linapopandwa upya, una mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana. Ni mwembamba, hautoi kigoda, lakini unatoa mwiko na mpini wa kisu wa kudumu. Yeyote anayetaka kujifunza kutambua miti aende Chagaik, karibu na mji wa Kericho, kwenye bustani ya miti ya aina nyingi iliyokua huko kwa miongo kadhaa, atazame maganda na majani mpaka yamwingie akilini.

Mti hutazamwa pia kwa namna ulivyosimama. Nchi yetu ni ya miinuko, na mti unaokua kwenye mteremko huinama kisha hujivuta kurudi wima. Ukitazama ncha ya gogo lake utaona moyo haupo katikati. Umesogea upande mmoja na miduara imebanana huku, imepanuka kule. Gogo kama hilo litapinda likikauka, hata ulitunze vipi. Miguu ya vile vigoda viwili vilivyoyumba ilitoka kwenye gogo la namna hiyo. Tazama pia mistari ya ganda au ya nyufa ndogo: ikizunguka shina kama inapanda ngazi, nyuzi za mti zimejisokota na patasi yako itapigana nazo kila upande. Na ule mti mweupe wa nje, unaozunguka kiini, ndiko kwenye wanga unaoliwa na wadudu watobozi. Unga mweupe uliokuwa ukianguka sakafuni ulitoka huko. Ondoa sehemu hiyo unapochonga, au itie dawa ya boraksi kabla ya kupaka nta.

"Na hii emitiot halisi, yale matatu ya juu," mzee aliuliza mwishoni, "ilitoka wapi?"

Kijana hakujua. Hakuwa ameuliza.

Alipata jibu kwa njia mbaya. Muuzaji yule yule alimwahidi kumfidia kwa magogo mengine, na kwa sababu ya deni kijana akakubali. Pikapu ilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Hakukuwa na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, wala barua ya kuonyesha mti ulikatwa shamba la nani. Magogo yalizuiliwa, na simu ya muuzaji haikupatikana tena. Kijana alibahatika kutoka na faini. Magogo hayo yalikuwa yametoka ndani ya msitu wa Mau.

Mtu wa Kericho au Bomet hahitaji kuambiwa Mau ni nini. Msitu huo huchangia mvua inayonyeshea chai yake, na mito inayopita mashambani inatoka huko. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kanda za chai za Nyayo ili ukanda wa chai uwe ukuta kati ya mashamba ya watu na msitu. Februari 2018 ukataji miti kwenye misitu ya umma ulisitishwa nchini kote, na marufuku hayo yakaongezwa mara kwa mara hadi rais alipotangaza Julai 2023 kuyaondoa. Katika miaka hiyo mbao zilipanda bei, na wauzaji wa usiku wakapata soko. Mchongaji anayenunua gogo lisilo na asili anaweza kujiona mdogo mno kuhesabiwa miongoni mwa waharibifu. Lakini emitiot nene yenye kiini cheusi ilianza kukua kabla babu yake hajazaliwa, na mtu aliyeikata usiku aliikata kwa sababu alijua kuna mchongaji atakayeinunua asubuhi bila swali.

Wakamba, walimu wa uchongaji wa biashara katika Kenya, wameshalipia funzo hili. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliujua ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha kwao, na kutoka kijiji hicho ukaenea hadi Nairobi na Mombasa. Walichonga mpingo, mti mzito unaozama majini, na walichonga muhugu kutoka Arabuko-Sokoke huko pwani na kutoka misitu ya kando ya Nairobi. Muhugu ulikuwa kila kitu mchongaji anachotaka: mgumu, wenye nyuzi laini, unaong'aa. Hukua polepole sana. Kufikia miaka ya 1990 miti mikubwa ilikuwa imepungua kiasi kwamba magogo yalitafutwa mbali zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Watafiti wa mpango wa pamoja wa WWF, UNESCO na bustani za Kew za Uingereza walikaa na wachongaji na kuwahimiza wahamie kwenye miti ya shambani: mwarobaini, mwembe, jakaranda, mgrivea. Wengi walisita, wakisema wateja hawatakubali. Wateja walikubali, na miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini vya pwani vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha mti uliovunwa kwa njia endelevu. Mpingo nao, pamoja na jamaa zake wote, umewekwa tangu Januari 2017 chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na kuuza nje kinyago chake huweza kuhitaji kibali. Tendwet, mti wa Mau ambao ganda lake hutengenezwa dawa ya tezi dume, uko chini ya mkataba huo tangu 1995.

Sisi wa nchi ya chai tuna nafasi ambayo watu wa Wamunyu, kwenye ukame wao, hawakuwa nayo. Miti imejaa mashambani. Mkulima wa Mogogosiek au Kapkoros anauza mti wake kama kuni, kwa mita, unakatwa vipande na kupelekwa kiwandani. Kati ya kuni hizo kuna magogo ya mgrivea yaliyonyooka, yenye unene wa kupasuliwa katikati na kutolewa moyo, na yanaingia kwenye moto kwa sababu hakuna mchongaji aliyefika kwa mkulima na bei nzuri kidogo kuliko ya kuni.

Hivyo ndivyo kijana yule anavyonunua sasa. Huenda shambani na kuuona mti ukiwa bado wima, akatazama kama umenyooka au umeinama. Mkulima humwandikia barua, na kibali cha kusafirisha hutafutwa kabla ya gari. Siku mti unapoangushwa, yeye mwenyewe yupo na kopo la rangi kuukuu au nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, na huziba ncha siku hiyo hiyo, maana maji hutoka nchani kwa kasi kubwa kuliko ubavuni na kasi hiyo ndiyo inayopasua. Huandika tarehe kwenye gogo kwa rangi. Hulipasua katikati, hutoa moyo, huliinua kutoka ardhini juu ya vijiti, chini ya paa lakini pasipo kuta, upepo upite na jua lisiligonge. Mti mweupe kama jakaranda humenywa ganda haraka, la sivyo ukungu wa rangi ya buluu huupenya. Anapokuwa na haraka, hulichonga umbo la awali likiwa bichi, akiacha unene wa ziada, kisha hulifukia kwenye gunia la vumbi la mbao ili likauke polepole, na hurudi miezi baadaye kumalizia. Lile deni la loji alilipa kidogo kidogo kwa muda mrefu, kwa miiko na vikombe vya shule. Emitiot hachongi tena isipokuwa mti uliokufa au kuangushwa na upepo kwenye shamba la mtu anayemjua.

Wachongaji wa Kericho na Bomet, msimu wa mvua ndefu huangusha miti mingi mipakani mwa mashamba, na malori ya kuni hayachelewi. Zungumzeni na wakulima kabla ya Machi, muwaonyeshe mnachochonga na muwaambie bei yenu. Gogo mtakaloziba ncha Aprili litahitaji miaka kadhaa ya kukaa kimya chini ya paa, na mwenye agizo la baadaye atalikuta likiwa kavu.